Unataka kununua pampu ya maji? Anza na mita na lita, HP baadaye

Fundi wa Mabomba

Habari za wakati huu wakuu. Nimefungua uzi huu kwa sababu swali la pampu linarudi kila mara na majibu mengi yanaishia kwenye namba moja: "chukua HP 1", "chukua HP 2". HP, yaani nguvu ya mota au injini, peke yake haikuambii kama maji yatafika. Pampu mbili za HP 1 zinaweza kukaa rafu moja dukani, moja ikatoa maji mengi na kuyapandisha mita 15 tu, nyingine ikatoa kidogo na kuyafikisha mita 80. Zote nzima. Ukibeba isiyo ya kazi yako utaiita feki bure, na hela imeshakwenda.

Kinachochagua pampu ni mambo mawili: maji yapande mita ngapi, na unataka lita ngapi kwa saa.

Mita zinahesabiwa kutoka kwenye uso wa maji pale yalipo, siyo pale pampu ilipokaa, hadi mdomo wa bomba unaomwaga kwenye tangi. Juu ya hizo ongeza msuguano wa bomba. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Lita 3,000 kwa saa zikipita kwenye bomba la inchi moja zinapoteza nguvu ya mita 11 hadi 12 kwa kila mita 100 za urefu. Maji hayohayo kwenye inchi moja na nusu yanapoteza chini ya mita 2. Kwenye inchi mbili hata nusu mita haifiki. Kwa hiyo anayesafirisha maji mita 200 kwa bomba la inchi moja amejiongezea mlima wa mita 20 na ushee, hata kama shamba lake ni tambarare kabisa. Mara nyingi dawa ya "pampu dhaifu" ni kubadilisha bomba.

Na kama huko mwisho unataka maji yatoke kwa presha, hesabu tena: bar moja ni kama mita 10. Umwagiliaji wa matone wa kawaida unataka karibu bar 1, sprinkla nyingi zinataka bar 2 hadi 3. Jumla ya yote hayo ndiyo mafundi tunaita hedi.

Sasa kibao kilichobandikwa kwenye pampu. Utaona Hmax na Qmax, mfano Hmax 35 m na Qmax lita 40 kwa dakika. Muuzaji atakusomea zote mbili kwa pamoja kana kwamba pampu inatoa lita 40 huku ikipandisha mita 35. Haiwezi. Hmax ni urefu ambao maji yanafika na kusimama, hayatoki hata tone. Qmax ni maji yanayotoka bila kupanda popote. Kazi yako iko katikati. Ndiyo maana pampu nzuri inakuja na mchoro wenye mstari unaoshuka, na unatakiwa uweke kidole kwenye mita zako uone zinaangukia lita ngapi. Muuzaji asipokuwa na mchoro, chukua kama makadirio kwamba kazi yako isizidi theluthi mbili ya Hmax.

Jambo la tatu, ambalo watu wanaligundua wakiwa wameshafunga kila kitu: pampu ya juu, yaani inayokaa nje ya maji, haivuti maji kutoka kina chochote unachotaka. Hewa inayotuzunguka ndiyo inayosukuma maji kupanda kwenye bomba la kuvutia, na hewa ya usawa wa bahari inaweza kushikilia maji mita 10 na kidogo tu. Hiyo ni nadharia. Kwa vitendo, Dar, Tanga au Mombasa hesabu mita 7. Ukipanda milimani hewa inapungua, kila mita 1,000 zinakula kama mita moja ya uvutaji. Mbeya au Nairobi usitegemee zaidi ya mita 5. Hata uweke injini ya lori, mpaka ni huohuo. Maji yakiwa chini kuliko hapo, pampu lazima iyafuate chini.

Ile pampu ndogo ya nusu HP yenye impela (gurudumu linalozunguka ndani na kusukuma maji) ya shaba, ambayo iko karibu kila nyumba, ni nzuri kwa kazi yake: maji safi, tangi la chini kwenda tangi la juu ya nyumba, lita 1,000 ndani ya saa moja hivi. Ndani yake nafasi kati ya impela na bodi ni finyu mno, kwa hiyo mchanga kidogo tu unaila. Msiipeleke mtoni.

Ukitaja kazi yako hapa, taja: maji yako kina gani, yanapanda wapi, umbali wa bomba, lita kwa siku, na umeme ulionao. Bila hayo tutabahatisha.

Mkulima Ilula

Asante mkuu kwa elimu hii. Nina ekari moja ya nyanya, nachota kwenye kijito. Nina mashine ya petroli ya inchi tatu, HP 6.5. Shamba liko juu ya kilima, kutoka kijitoni kupanda ni kama mita 40, umbali mita 300 hivi. Mashine inanguruma, mpira unajaa, maji yanafika nusu ya kilima basi. Fundi wa kijijini anasema ninunue ya inchi nne. Nifuate?

Fundi wa Mabomba

Usinunue ya inchi nne, mkuu. Itaishia palepale au chini zaidi.

Soma kibao cha mashine yako. Nyingi za inchi tatu zina Hmax ya mita 28 hadi 30. Zimetengenezwa kumwaga maji mengi mahali pa chini, mfano majaruba ya mpunga, ambako zinafanya kazi safi sana. Mita 40 ni ukuta kwake.

Tufanye hesabu yako. Mboga kipindi cha jua zinakunywa kama milimita 5 kwa siku, na kwa ekari moja hiyo ni lita 20,000. Ukimwagilia kwa muda wa saa nne, unahitaji lita 5,000 kwa saa, yaani mita za ujazo 5. Kwenye bomba la inchi mbili, mita 300 zinapoteza mita 3 tu. Mita 40 za kilima, mita 3 za msuguano, weka na akiba ya viungo na kumwagia, sema mita 48. Kanuni ya nguvu ni rahisi: mita za ujazo kwa saa zidisha kwa mita za hedi, gawanya kwa 367, unapata kilowati. Tano mara 48 gawanya kwa 367 ni kama 0.65. Hata ukiongeza upotevu wa pampu, injini yako ina nguvu ya kutosha na kubaki. Kisichofaa ni impela: imeumbwa kwa wingi wa maji badala ya urefu.

Unachotaka ni mashine ya inchi mbili ya presha ya juu, Hmax mita 65 au zaidi. Injini yake inaweza kuwa HP ileile uliyonayo. Njia ya pili, kama hutaki kuuza hiyo, ni kuweka tangi katikati ya kilima na mashine ya pili hapo, kila moja ipande mita 20. Inafanya kazi, ila unalisha injini mbili mafuta.

Na ule mpira mwembamba unaojikunja uangalie umeandikwa bar ngapi. Kwa mita 48 unabeba karibu bar 5 pale chini kijitoni. Mpira wa bei rahisi utapasuka. Mita 150 za mwanzo weka bomba gumu la plastiki lenye daraja la PN 8 (linalobeba bar 8) au zaidi, huko juu ndiyo uweke mpira.

Mama Kigamboni

Kaka fundi, nimechimbiwa kisima cha mita 80. Waliochimba wananiambia ninunue pampu ya kuzamisha ya HP 2 "kwa sababu kisima ni kirefu". Tangi langu ni la lita 5,000, liko juu ya mnara. Nimeshaombwa hela ya pampu leo.

Fundi wa Mabomba

Dada, hela isubiri kidogo. Kwanza waombe karatasi ya majaribio ya kisima. Ulikilipia kisima, karatasi hiyo ni haki yako. Ndani yake utakuta namba tatu: maji yanasimama mita ngapi pampu ikiwa imezimwa, yanashuka hadi mita ngapi pampu ikivuta, na kisima kinatoa lita ngapi kwa saa bila kukauka. Urefu wa shimo siyo hedi. Shimo linaweza kuwa mita 80 na maji yakasimama mita 22.

Tuseme karatasi inasema maji yanasimama 22, yakivutwa yanashuka hadi 35, na kisima kinatoa lita 3,000 kwa saa. Mnara mita 6, msuguano na viungo mita 4. Hedi yako ni 45. Tatu mara 45 gawanya kwa 367 ni 0.37 kilowati. Pampu hizi nyembamba za inchi nne zinatumia vizuri kama nusu tu ya nguvu zinazopewa na mota, kwa hiyo mota ya HP 1 inafika kwa shida, HP 1.5 inatosha kwa raha. Ukifunga HP 2 ya lita 6,000 kwa saa, itakausha kisima ambacho kinatoa 3,000. Pampu ya kuzamisha inapozwa na maji yanayopita kwenye mota, maji yakiisha inaungua. Lazima ufunge kinga ya kuizima maji yakikatika, usikubali fundi akuambie siyo muhimu.

Kwa huko kwenu kuna la ziada. Mko karibu na bahari, na kisima cha pwani kikivutwa kwa pupa kinavuta maji ya chumvi kutoka chini na kutoka upande wa bahari. Chumvi ikishaingia haiondoki kwa kubadilisha pampu. Vuta polepole kwa saa nyingi, ujaze tangi. Chukua pampu ya chuma kisichoshika kutu, na bomba la plastiki, siyo la mabati.

Pampu isikae chini kabisa kwenye tope wala isitazamane na sehemu yenye matundu ambako maji yanaingilia, maana hapo inavuta mchanga. Iweke juu ya matundu, mita kadhaa chini ya kiwango maji yanaposhuka. Ifungiwe kamba ya nailoni pembeni ya bomba, na waya uwe mnene kulingana na urefu. Waya mwembamba wa mita 60 unaifikishia mota umeme mdogo, mota inachemka na hujui kwa nini.

Halafu hakikisha kibali cha bodi ya maji ya bonde kipo. Kwa Dar ni Bonde la Wami/Ruvu.

Bosi wa Saiti

Mimi napingana kidogo. Miaka yote nanunua HP kubwa kuliko mahitaji na sijawahi kujuta. Kubwa inafanya kazi ndogo, ndogo haifanyi kubwa. Mbona hesabu nyingi?

Fundi wa Mabomba

Mkuu nakuelewa, na kwa jenereta au tangi maneno yako yana ukweli. Kwa pampu hapana. Pampu ya impela iliyotengenezwa kwa mita 60, ukiifanyisha mita 15, inafungulia maji mengi kupita kiasi, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo mota inavyobeba mzigo. Inachemka, sakiti breka inakatika, na mtu anasema umeme wa mtaa ni mbaya. Unaweza kuituliza kwa kufunga koki nusu, lakini hapo unalipa umeme wa kupambana na koki yako mwenyewe kila siku.

Ile ndogo ya impela ya shaba tabia yake ni kinyume: koki ikifungwa ndipo mota inapoumia zaidi. Hiyo usiwashe kamwe ukiwa umefunga mbele.

Upande wa kuvuta nako kuna shida. Pampu kubwa kwenye bomba dogo la kuvutia inanyima maji njia, mapovu ya mvuke yanazaliwa na kupasuka ndani ya impela. Utasikia sauti kama kokoto zinazunguka ndani. Ukiisikia zima, maana impela inatobolewa muda huo huo.

Mkaazi wa Machakos

Hongera sana fundi. Mimi niko Machakos, kisima cha kuchimbwa kwa mkono kando ya mto wa mchanga. Maji yako futi 36, yaani karibu mita 11. Stima haijafika. Jirani alichimba jukwaa ndani ya kisima, akashusha jenereta ya petroli ya kuvuta maji hadi mita 6 chini, na inavuta vizuri. Nataka kufanya kama yeye, nina miti na mbuzi, kama lita 5,000 kwa siku zinanitosha.

Fundi wa Mabomba

Ndugu yangu, naomba sana usifanye hivyo, na leo hii umwambie jirani atoe ile injini. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya shimo haiondoki. Mtu anashuka kuwasha au kuongeza mafuta, anaishiwa nguvu kabla hajajua kinachomtokea, na anayeshuka kumwokoa anabaki naye. Watu wanakufa visimani kwa namna hii, baba na mtoto, ndugu na ndugu. Hata ikiwa imezimwa muda si mrefu, shimo linaweza kuwa bado na sumu. Hakuna bei ya mahindi wala maembe inayofaa hilo.

Kwa mita 11 bila stima, pampu ya sola ya kuzamisha ndiyo kazi yako. Lita 5,000 kwa siku na jua la Ukambani la saa tano au sita nzuri ni kama lita 1,000 kwa saa. Ukipandisha hadi tangi la juu, hedi jumla sema mita 20: nguvu ya maji ni wati 55 hivi. Baada ya upotevu na mawingu, paneli za wati 200 hadi 300 zinatosha. Usinunue betri. Tangi ndilo betri yako: jua likiwaka unajaza, jioni unafungulia.

Kwa kuwa kisima kiko kando ya mto wa mchanga, uliza pampu ya skrubu, yaani chuma kilichosokotwa kinachozunguka ndani ya mpira. Hiyo inatoa kidogo kwa uhakika hata jua likiwa dhaifu asubuhi, ambapo ya impela ingekuwa inazunguka tu bila kufikisha maji juu. Inastahimili mchanga kidogo, lakini ikikauka ule mpira unaungua haraka, kwa hiyo kihisi cha maji kisikosekane. Na kwa kuwa kisima ni kipana, mota ivalishwe bomba la kuizunguka ili maji yapite pembeni yake na kuipoza.

Kama hela ya sola haijapatikana, pampu ya mkono ya Afridev inafika hadi mita 45, mita 11 kwake ni kidogo. Kwa mbuzi na nyumbani itakuvusha. Zile za kukanyaga kwa miguu ni za juu, mpaka wao ni mita 7, kwa hiyo hazitafaa hapo.

Dada wa Goba

Naomba msaada wa haraka. Maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua. Nikifunga kapampu moja kwa moja kwenye bomba la mita yatapanda hadi tangi la juu?

Fundi wa Mabomba

Yatapanda, na usifanye. Pampu ikivuta kwenye bomba la mtaa inatengeneza mvuto ndani yake, na palipo na ufa maji machafu ya mtaro yanaingia, mnakunywa wewe na majirani. Weka tangi chini lijae lenyewe usiku, halafu nusu HP ipandishe. Funga floti mbili, yaani swichi zinazoelea: moja tangi la juu izime likijaa, nyingine tangi la chini izime likikauka.

Bosi wa Saiti

Sawa fundi, hoja ya koki nimeielewa. Nina shimo la msingi limejaa maji ya mvua na tope, kina mita 3. Hiyo nayo nusu HP?

Fundi wa Mabomba

Hapana, itakufa siku hiyohiyo. Chukua pampu ya kuzamisha ya maji machafu, ile ambayo impela yake imejificha pembeni na mawe madogo yanapita. Hizo hedi yake ni fupi, nyingi hazifiki mita 10, lakini wewe una mita 3. Iweke juu ya tofali, isilale kwenye tope. Waya wake upite kwenye breka inayokata umeme ukivuja, na hakuna mtu kuingia majini pampu ikiwa inawaka.

Mzee wa Lushoto

Vijana mmeongea vizuri. Huku kwetu kuna kijito hakikauki, kinashuka kwa kasi, na shamba la mboga liko juu yake mita 30. Zamani niliona chombo kinapandisha maji chenyewe kikigonga mchana na usiku bila mafuta. Bado kipo?

Fundi wa Mabomba

Shikamoo mzee. Kipo, ni hidramu, na milima yenu ya Usambara ndiyo mahali pake hasa. Inatumia mshindo wa maji yanayoshuka kusukuma sehemu yake ndogo kwenda juu, mengine yanarudi kijitoni. Tuseme una anguko la mita 3 na unaiingizia lita 100 kwa dakika. Ikifanya kazi kwa asilimia 60, lita 6 kwa dakika zinapanda mita 30. Zinaonekana kidogo, ila haizimwi: kwa saa 24 ni lita 8,640, ekari moja karibu nusu yake imepata maji bila senti ya petroli.

Bomba la kushushia maji liwe la chuma na lisimame imara, maana la plastiki linanyonya ule mshindo na maji hayapandi. Mdomoni weka chujio, majani yakinasa kwenye valvu inasimama. Mzee, pima anguko kwa kipande cha mpira wenye maji au kwa levo ya fundi mwashi, na kuhesabu maji ziba kijito yapite kwenye bomba moja, ukinge ndoo ya lita 20 na saa mkononi. Ukileta namba hizo mbili hapa nitakupigia hesabu ya ukubwa wa hidramu na bomba.